Ile Mbao Yenye Mistari Unayoifanya Kuni? Kuna Wasee Wanailipia Doo ya Maana

Ushawahi kuona gogo limelala nje kwa mvua hadi ndani likachorwa mistari myeusi, ni kama mtu amepitisha biro? Wengi wetu tunasema limeoza, linaenda kwa moto. Majuu, fundi wa mbao akipata hilo gogo anasherehekea. Hiyo kazi ni ya kuvu, na wanaiita spaltingi.

Kuvu huchora mbao kwa njia tatu. Kuna kupausha, ambapo inakula lignini, ile gundi ya mti. Hii ndio noma, juu mbao inabaki nyeupe lakini pia inalegea. Kuna ile mistari myeusi, ambayo kumbe si urembo, ni ukuta. Kuvu mbili zikikutana ndani ya gogo moja, kila moja inajenga boda ya melanini.

Halafu kuna rangi yenyewe. Bingwa hapa ni Chlorociboria, kauyoga ka vikombe vidogo visivyofika hata sentimita moja, inayogeuza mbao kuwa kijani-buluu. Mafundi wa Italia karne ya 15 walikuwa wanaunda picha kwa vipande vya mbao, na mti wa kijani ungetoka wapi? Wakatumia hiyo. Ukifika Metropolitan Museum kule New York, kuna chumba kizima cha Duke Federico da Montefeltro kutoka Gubbio, cha kati ya 1478 na 1482. Kijani cha kuvu bado kiko ndani, miaka zaidi ya 500.

Shida ni timing, manze. Ukitoa mbao mapema haina kitu, ukichelewa inamomonyoka kama keki. Fundi anaikausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20, hapo kuvu inalala. Kisha anachonga bakuli ama fremu, si mguu wa kiti, na anavaa maski juu ya vumbi.

Sasa, yale madoa ya buluu kwa paini pale yadi ni kuvu ingine tofauti. Inakula sukari na wanga tu, nguvu ya mbao inabaki karibu ile ile. Idunge na msumari kwanza. Kama ni ngumu na muuzaji anaiita mbovu, usibishane naye. Itisha bei ya mbovu, ubebe.