Cherero wa Serengeti: dume ni yupi, jike ni yupi?

Juzi mfugaji mmoja wa upande wa Mugumu, mwenye kibali chake, aliniita akalalamika kuwa jozi yake ya cherero, wale kasuku wadogo, imetaga mayai tisa na halijaanguliwa hata moja. Jike mmoja kwa kawaida hutaga manne hadi sita. Nikamwambia, mzee wangu, hiyo si jozi, hao ni majike wawili. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba mwenye kichwa chekundu zaidi ndiye dume.

Ndege huyu ni wa kwetu, kaskazini mwa Tanzania. Jina lake la kitaalamu, Agapornis fischeri, linatokana na Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani aliyefika pande za Ziwa Viktoria mwaka 1885 na 1886. Mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, alimpa jina hilo mwaka 1887, Fischer akiwa ameshafariki. Tangu hapo hakuna aliyepata tofauti ya rangi kati ya dume na jike. Cherero wa Madagaska hawakusumbui, maana dume ana kichwa cha kijivu. Wa Ethiopia pia, dume ana wekundu kwenye paji la uso. Nadhani habari za huyo wa Ethiopia ndizo zilizozaa uongo wa kichwa chekundu, lakini hiyo ni dhana yangu tu.

Kufikia 1987 cherero wetu alikuwa akiuzwa nje kuliko kasuku yeyote wa porini duniani. Hebu fikiria ni "jozi" ngapi za namna hii zilipanda ndege!

Wafugaji wakatafuta njia. Ya zamani ni kupapasa mifupa ya nyonga: ya jike aliyekomaa huachana, ya dume hubanana. Kwa ndege mchanga haikusaidii, na hata kwa mkubwa nimewahi kukosea. Wengine huangalia nani anabeba vijiti na maganda ya kujengea kiota. Mwaka 1962 Mmarekani William Dilger aliandika habari za kazi hiyo ya kubeba, ambayo hasa ni ya jike. Jike wetu hubeba kwa mdomo, ila wa Namibia huchomeka katikati ya manyoya ya mgongoni. Shida ni kwamba majike wawili wakikaa pamoja, mmoja huweza kumpanda mwenzake kama dume, nawe ukadanganyika.

Jibu la uhakika lilipatikana miaka ya 1990, wataalamu walipoweza kupima vinasaba kutoka kwenye unyoya uliong'olewa. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Dume zake zinafanana. Ukiuziwa "jozi" bila kipimo hicho, lipa bei ya ndege wawili tu, usilipe bei ya jozi.

Yule mzee nimemwambia asiyatoe mayai upesi, maana watataga mengine na kuishiwa chokaa mwilini. Ayaache siku 25 hivi, awape maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa. Akaniuliza kama anaweza kumtega dume mmoja kwenye mtama wake. Nikamkatalia: kibali chake si cha kukamata, na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haiangalii kama ndege alikuwa anakula mtama wako.