Maotea, Si Uvimbe

Majuzi nilipewa kijitabu cha wazazi wa watoto wenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. Ndani yake, kwa herufi nzito, pameandikwa "uvimbe wa uso wa jicho", kwa maana ya ugonjwa wa seli za jicho zinazoota kiholela. Wanakamati waliolipitisha neno hilo niliwaandikia mapema nikipendekeza "maotea". Hawakunijibu.

Uvimbe ni zao la kuvimba. Shavu lililoumwa na nyuki huvimba, mguu ulioteguka huvimba, na kilichovimba hutarajiwa kunywea. Ndiyo maana mama mmoja wa Mau Narok, alipoambiwa mwanawe ana uvimbe jichoni, alimkanda wiki nzima kwa kitambaa cha maji vuguvugu ya chumvi, akingoja ushuke. Neno ndilo lililomtuma. Kosa lenyewe ni la kale: "tumor" ya Kilatini nayo ni uvimbe, na Celsus aliihesabu pamoja na wekundu, joto na maumivu. Waliounda "neoplasma" kwa mizizi ya Kigiriki walikaribia zaidi, maana kwao ni kitu kilichofinyangwa upya.

Sasa twende Njoro baada ya mavuno. Mvua ikinyesha, punje za ngano zilizodondoka huchipua kati ya mabua, wala hakuna aliyezipanda. Hayo ndiyo maotea, neno la wakulima lililomo kamusini tangu zamani. Si gugu lililovuka ua; ni ngano ile ile ya shambani, imeota wakati usio wake, na ikiachwa huhifadhi ugonjwa wa kutu hadi msimu ujao. Seli za kiwambo cha jicho nazo, zikiasi, ni za mwili ule ule. Tena kuotea ni kuvizia, na ugonjwa huu huvizia hasa.

Mpinzani wangu mmoja anadai neno hili litawakumbusha watu mpira. Na liwakumbushe! Mchezaji aliyeotea amefika pasipo haki yake, kama seli hizo.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: uvimbe tuuachie jicho lililoumwa na nyuki. Mtoto wa siliaki, ambaye utumbo wake uliojeruhiwa na ngano hufyonza vitamini A kwa shida, akiota doa la povu kwenye weupe wa jicho, hilo si maotea bali ni doa la Bitot, lililoelezwa na Mfaransa wa jina hilo mwaka 1863. Maotea ya kiwambo huku kwetu huwapata zaidi watu wazima, kwa jua kali na VVU. Kwa mtoto ni nadra. Kutofautisha ni kazi ya daktari wa macho.

Yule mama nilimweleza tena, safari hii kwa neno langu. Analima ngano. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa yatang'olewa lini, mwalimu?" Kesho yake alfajiri alikuwa stendi na mtoto, wakisubiri matatu ya kwenda kliniki.