Mstari wa Kalinda

Naanzia Rughenda, penye uwanja mdogo wa ndege wa Butembo, nashika barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini, hadi Beni. Ni mwendo wa kilomita hamsini na kitu. Wazazi na walimu huuliza vijana wao wajifunzie wapi uongozi. Mimi nawaelekeza barabara hii, kwa yaliyotokea katika miji yake.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, tume ya uchaguzi ya Kongo iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019. Sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Maana yake ilikuwa wazi: rais angeapishwa Januari bila sauti yetu. Mitaa ya Beni ikachafuka kwa hasira.

Lakini tarehe 30, pale Kalinda mjini Beni, maelfu ya wakazi walijipangia kura yao wenyewe. Mstari ulinyooka, na kila mtu alinawa mikono kabla ya kupiga kura. Waliambiwa ugonjwa unawazuia; wakaonyesha kwa vitendo kwamba mtu anaweza kujikinga na bado akachagua. Kura zile hazikuingia katika hesabu ya taifa, ila hoja yao haikupata wa kuijibu.

Adabu ya namna hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha LUCHA, harakati isiyo na rais wala silaha. Ilifika Beni, mji unaozika watu wake tangu mauaji ya Oktoba 2014, na huko ililipa kwa damu: Freddy Kambale alipigwa risasi tarehe 21 Mei 2020, akiandamana kwa amani kudai mauaji yakome.

Aprili 2021 ikawa zamu ya wanafunzi. Walikaa na kulala siku kadhaa kwenye ofisi ya meya, wakimtaka rais aje ajionee, mpaka polisi wakawaondoa. Juni rais alifika Beni.

Ukiwafundisha vijana historia hii, usiishie kwenye majina ya mashujaa. Waulize: siku ile Kalinda, nani aliteka maji ya kunawa? Nani alinyoosha mstari, nani alimtuliza aliyetaka kurusha jiwe? Kisha uwape kazi hizo wazifanye wenyewe, kuanzia darasani kwao.