Kopo Chini ya Injini

Historia ya nchi huandikwa zaidi kwa vita na mikataba, kwa majina ya viongozi na tarehe za mikutano. Lakini iko historia nyingine inayokaa chini, penye giza na grisi. Sehemu yake moja imo katika kopo la chuma linaloning'inia ubavuni mwa injini ya Land Rover ya zamani, yaani kopo la chujio la oili.

Magari ya mwanzo hayakuwa na chujio la namna hiyo. Yalitegemea wavu wa kuzuia takataka kubwa, na oili ilibadilishwa mara kwa mara. Mwaka 1923 Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walileta chujio walilolipa jina la Purolator. Katika miaka ya 1950 likaja chujio la kufunga kwa kuzungusha, ambalo likichakaa hutupwa zima zima. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilidumu na mtindo wa zamani. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyokuja na Series II mwaka 1958 na kuendelea katika Series III ya mwaka 1971, ilikuwa na kopo la kudumu lenye chujio la karatasi ndani yake.

Kulibadilisha chujio hilo hakuhitaji nguvu nyingi, bali subira. Nafasi ni finyu. Fundi hulala chali chini ya gari na kupeleka spana kwenye bolti ndefu ipitayo katikati ya kopo. Bolti ikilegea, oili ya moto humtiririkia kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kopo likishuka, bado kazi ngumu iko juu, ambako mpira wa duara wa zamani hubaki umeng'ang'ania ndani ya mfereji wake. Hauonekani, hutafutwa kwa ncha ya kidole na kung'olewa kwa sindano. Fundi asiyeujua ataweka mpira mpya juu ya ule wa zamani, kopo halitakaa sawasawa, na oili yote itamwagika njiani.

Hapa Rungwe jambo hilo halikuwa dogo. Mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na barabara za udongo za miteremkoni hugeuka utelezi. Katika miaka ile gari lililoweza kupanda na kushuka huko lilikuwa Land Rover, la serikali, la misheni au la ushirika. Mgonjwa wa Mwakaleli alifikishwa hospitali ya Makandana kwa gari hilo. Majani ya chai nayo, yakishachumwa, hayasubiri. Hutakiwa kiwandani siku ile ile.

Kisha ikaja miaka ya ukata. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 na kumalizika mwaka 1979, wakati ambapo bei ya mafuta duniani ilikuwa ikipanda tena. Fedha za kigeni zilikauka. Kipande cha karatasi kilichokunjwa ndani ya kopo kikawa adimu kama sabuni na sukari.

Mafundi hawakukaa kitako. Chujio kuukuu lilioshwa kwa petroli au mafuta ya taa, likaanikwa, likarudishwa. Mpira wa duara ulipokosekana, ulikatwa mwingine kutoka kwenye tyubu ya gurudumu, ingawa mpira wa namna hiyo huvimba ukikaa ndani ya oili ya moto. Gari liliwaka, likaondoka, na watu wakamshukuru fundi.

Ubunifu huo tunausifu mpaka leo, nami nausifu. Hata hivyo, sifa zetu zinaficha jambo. Karatasi iliyooshwa haiwi mpya. Uchafu uliozama ndani yake haung'oki wote. Waundaji wa injini walijua kuwa chujio laweza kuziba, wakaweka vali ndogo. Chujio likiziba, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Walifikiri vizuri, maana oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Lakini tangu hapo gari huenda kama kawaida na dereva hasikii kitu, huku vyuma vikisagika polepole. Injini huja kugonga miezi kadhaa baadaye, pengine katikati ya mlima, mgonjwa akiwa amelala nyuma.

Ndugu msomaji, naona zahanati na shule zetu za miaka ile zilikwenda kwa vali hiyo hiyo. Milango ilikuwa wazi, mwalimu alikuwa darasani, mganga alikuwa zamu. Kilichosagika hakikuonekana upesi, na gharama yake ilikuja kulipwa na watu wengine, si wale waliosifiwa kwa kuvumilia.

Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, spea zilianza kuonekana tena madukani. Kwa Land Rover nyingi zilikuwa zimechelewa. Zilikwisha kuwekwa juu ya mawe, nyasi zikiota kati ya magurudumu yasiyokuwepo. Wapita njia walisema mafundi wetu hawajui kutunza mali.

Lawama hiyo siikubali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno hayo ni ya kweli. Ila mafundi wa Tukuyu waliuona ufa mapema kuliko sisi sote, wakaugusa kwa vidole vyao gizani chini ya injini. Walichokosa ni udongo wa kuuzibia.