Kishungi cha Sigara na Maboksi ya Kariakoo

Mtu akitupa kishungi cha sigara kinachofuka kwenye rundo la maboksi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, amevunja sheria ngapi? Ukizihesabu utapata tatu au nne, na kila moja ina mwenyewe. Tatizo liko hapo hapo, na ni la zamani kuliko soko lenyewe.

Sheria za mwanzo za mji huu zilitazama nyumba imejengwa kwa nini. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliigawa Dar es Salaam kwa aina ya majengo: ya Kizungu kwao, ya mawe kwingine, vibanda vya udongo na makuti mbali zaidi. Ubaguzi ndio uliokuwa kiini chake, usalama ukafuata nyuma. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo. Kariakoo, iliyokuwa shamba la minazi la Schoeller, ikawa mji wa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga na Uhindini.

Waingereza walileta pia Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1920. Kifungu chake cha 285 kilimhusu mtu anayefanya uzembe na moto: kifungo hadi miezi 6, au faini hadi rupia 1,000. Mwaka 1930 Tanganyika ikapata kanuni yake, na wazo lile lile limo hadi leo katika kifungu cha 233 cha Sura ya 16. Kwa hiyo mvutaji wetu wa Mtaa wa Kongo hawezi kusema sheria ni ngeni. Ila sheria ya namna hiyo humtaka mkosaji apatikane. Kariakoo jioni, wapagazi wakipishana na wanunuzi, nani atasema kishungi kilitoka mkono gani?

Makuti yakatoka, yakaja madebe, mabati, hatimaye zege. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli, lililojengwa miaka ya mwanzo ya 1970, ni zege tupu, kuanzia shimoni hadi kwenye paa lake la miavuli. Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, soko hilo liliungua. Zege lilibaki limesimama. Kilichoteketea ni mali za watu. Baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika, akausimamisha uongozi wa soko na kuagiza uchunguzi. Serikali ikatenga zaidi ya Sh bilioni 28 kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake.

Kuni za mji zilikuwa zimeshuka kutoka paani hadi sakafuni: maboksi, nailoni, mitumba, viatu vya plastiki, vyote vimebanwa kwenye fremu na ngazi. Sheria hazikushuka nazo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma yaliyotajwa, lakini jambo lake ni mapafu. Sheria ndogo za usafi zinamtoza faini mtupa taka, na machoni pazo kishungi ni sawa na ganda la muwa. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imelipa jeshi mamlaka ya kukagua majengo, na mfanyabiashara anaikumbuka zaidi siku ya kulipia ukaguzi. Sigara iko huku, taka kule, moto kwingine.

Oktoba 2021 machinga walipoondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na juu ya mitaro, magari yalipata tena pa kupita katika mitaa iliyokuwa imezibwa, ya zimamoto yakiwemo. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kuzuia maafa ya moto, ingawa ilitangazwa zaidi kama usafi na mpangilio. Ila hatari haikuisha: Januari 2022, soko la Karume nalo likateketea usiku.

Uingereza ililipa bei ya kutazama taka na moto kama mambo mawili tofauti. Tarehe 11 Mei 1985, katika uwanja wa mpira wa Bradford, moto mdogo, kiberiti au sigara, ulipenya kwenye nyufa za jukwaa la mbao na kukuta takataka zilizorundikana chini kwa miaka. Watu 56 walikufa. Jukwaa zima liliwaka kwa dakika chache.

Tangu Februari 2021 Kariakoo iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo. Itunge moja inayomtoza anayelaza maboksi barazani na ngazini sawasawa na anayetupa kishungi, maana mwenye maboksi anajulikana, ana fremu na ana leseni. Nawe msomaji, ukiona moshi usisubiri kutafuta wa kulaumiwa. Piga 114.