Maneno ya Marehemu, Muziki wa Walio Hai

Wadau, nyumbani kwetu kuna daftari la marehemu babu, limejaa nyimbo za kwaya alizotunga mwenyewe. Maneno yapo, ila hakuna aliye hai anayekumbuka ziliimbwaje. Binamu yangu mpiga gitaa anataka kuzitungia muziki mpya, baba mkubwa hataki kusikia. Ugomvi wao umenirudisha kwenye albamu moja ya mwaka 1998, Mermaid Avenue.

Tuanze na mwenye maneno. Woody Guthrie alizaliwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1912. Ndiye mtunzi wa "This Land Is Your Land". Aliimba kuhusu wakulima waliohamishwa na ukame na vumbi, akaimba kuhusu vyama vya wafanyakazi, na kwenye gitaa lake aliandika kwamba linaua mafashisti. Kisha akashikwa na ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu. Alifariki mwaka 1967 baada ya miaka mingi hospitalini.

Binti yake Nora alizaliwa mwaka 1950, kwa hiyo baba aliyemjua yeye alikuwa mgonjwa. Yule Woody wa kwenye hadithi alikutana naye ukubwani, kwenye makaratasi. Zilikuwepo nyimbo zaidi ya 1,000 ambazo hazijawahi kurekodiwa. Maneno kamili, muziki hakuna! Woody alikuwa anaubeba kichwani, na akaondoka nao.

Nora angeweza kuyafungia maneno yale kabatini. Angeweza pia kuwapa wazee walioimba na baba yake, wamuigize. Hakufanya hivyo. Mwaka 1995 alimfuata Billy Bragg, Mwingereza aliyejipatia jina miaka ya 1980 kwa kuzunguka peke yake na gitaa la umeme, akiimba siasa za mrengo wa kushoto. Bragg naye akawaita Wilco, bendi ya rock ya Chicago chini ya Jeff Tweedy.

Kilichotoka kiliwashangaza waliodhani wanamjua Woody. Kumbe mzee wa migomo alimtungia mwigizaji Ingrid Bergman wimbo wa mahaba! Kumbe aliandika vichekesho vya watoto, na akaota kulala chini ya nyota za California. Hata jina la albamu ni la mtaa wa Coney Island, New York, alikoishi na familia yake. Yaani ni Woody wa nyumbani, siyo wa kwenye sanamu.

Lakini msidhani kazi ilikwenda kwa amani. Bragg alimpenda zaidi Woody wa siasa, Tweedy alivutiwa zaidi na Woody wa vituko na maajabu. Walipofika kwenye kuchanganya sauti wakakorofishana, kila upande ukatetea nyimbo zake. Hata ziara ya pamoja ya kuitangaza albamu haikufanyika. Pamoja na hayo yote, albamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, ikafuatiwa na ya pili mwaka 2000 na ya tatu mwaka 2012. Jumla zikatoka nyimbo 47, na nyingi kati yake zilikuwa kimya kabla ya hapo.

Mimi ule ugomvi naupenda kuliko tuzo. Watu hawagombani hivyo juu ya kitu kilichokufa. Walikuwa wanagombea Woody yupi asikike, na wote walikuwa sahihi, maana mtu mmoja hubeba watu wengi ndani yake.

Najua hoja ya baba mkubwa. Muziki mpya siyo wa babu, na atakayeusikia kesho atadhani ndivyo babu alivyoimba. Ni hoja nzito. Ila Bragg na Wilco hawakumdanganya mtu: kila wimbo ulieleza maneno ni ya nani na muziki ni wa nani. Nadhani uaminifu uko hapo. Andika majina yote mawili, halafu imba.

Daftari letu lina kurasa zilizoanza kuliwa na mchwa. Jumapili nitampelekea baba mkubwa albamu hii, tukae tuisikilize wote, binamu naye awepo na gitaa lake. Akikataa tena, basi angalau tutakuwa tumegombana juu ya nyimbo zenyewe.

Nyie mngekuwa sisi mngefanyaje?