Kamba ya Paka wa Kyoto

Wengi wakimwona mtu bustanini na paka aliyefungwa kamba hudhani wanatazama kioja cha zama hizi. Historia ya Japani inawakanusha. Mwaka 889 Mfalme Mkuu Uda aliandika katika shajara yake habari za paka mweusi aliyeletwa kutoka ng'ambo, tena kwa mapenzi yasiyofichika. Karne moja baadaye, katika enzi ya Mfalme Mkuu Ichijo, paka wa kasri la Kyoto alipewa cheo cha tano cha heshima na mwanamke wa kumlea. Sei Shonagon, aliyehudumu katika kasri hilohilo, alimweka miongoni mwa mambo ya kupendeza paka mwenye ukosi mwekundu na kibao cheupe, anayetembea akiburuta kamba ndefu. Paka wazuri wa Uchina walivuka bahari kwa meli, na aliyetoroka hakuwa rahisi kumpatia badala. Kamba ilikuwa ulinzi wa mali yenye thamani, na wakati huohuo pambo.

Ulinzi huo ulikuwa na kasoro, na aliyeiona vizuri ni mwandishi wa riwaya. Katika Genji Monogatari, iliyotungwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, paka mdogo wa Kichina anafukuzwa na paka mkubwa, kamba yake inanasa kwenye pazia la mianzi, na katika kupapatika kwake anaipandisha pembe ya pazia. Kijana Kashiwagi aliyekuwa uani anamwona binti mfalme ambaye hakupaswa kuonwa na mwanamume mgeni, na kutokana na mtazamo huo mmoja maisha ya watu kadhaa yanaharibika. Tukio ni la kubuni, lakini halingewaingia akilini wasomaji wa kasri kama wasingewajua paka walionaswa hivyo: kamba ndefu, isiyoshikwa na mtu, ikiburuzwa kati ya nguzo na mapazia.

Mwaka 1602 desturi hiyo iligeuzwa kwa amri. Mjini Kyoto lilitolewa tangazo kwamba paka wafunguliwe na waachwe huru, na kwamba kuwanunua na kuwauza ni marufuku. Hadithi iitwayo Neko no Soshi imejengwa juu ya tangazo hilo. Ndani yake panya anamtokea mtawa ndotoni akilia kwamba jamaa zake wanaangamizwa. Ushahidi hauishii kwenye hadithi. Shajara ya kabaila mmoja wa Kyoto ya mwaka huohuo inaitaja amri na kueleza yaliyofuata: paka walipotea, na wengine wakafa kwa kuumwa na mbwa. Maneno hayo machache ya shajara yana uzito kuliko tangazo lenyewe, maana yanasema nani aliulipia uhuru ule.

Wapo wanaoshikilia kwamba paka kwa maumbile yake hafungiki, na kwamba Kyoto ilikwisha kulitambua hilo. Sehemu ya kwanza ya hoja nina heshima nayo: paka hupanda, hujificha, huvizia, na anayemnyima yote hayo anamdhulumu. Lakini mwaka 1602 si shahidi wa hoja hiyo. Paka alifunguliwa kwa sababu panya walikuwa wengi na kazi yake ilihitajika, na usalama wake haukuwekewa mpango wowote. Wala kamba haikutoweka: mwaka 1685 shoguni Tsunayoshi alitangaza kwamba anapopita njiani mbwa na paka wasifungwe, na hakuna haja ya kukataza jambo lisilofanywa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kamba ya kasri na kamba ya leo si kitu kimoja. Ni kweli, na hapo ndipo historia inapofundisha. Ile ya zamani ilifungwa ili paka asitoke; hii ya leo inampa nje paka ambaye vinginevyo angekaa nyuma ya dirisha kwa hofu ya magari na mbwa. Lengo limegeuka, kwa hiyo chombo nacho lazima kigeuke. Kamba ya shingoni humkaba paka akishtuka na kuruka, na akirudi kinyumenyume hujichomoa, kwa kuwa mtulinga wake ni mdogo na haukuungana na mifupa mingine, hata mabega hupenya pembamba. Ndiyo sababu ya mikanda miwili, mmoja shingoni na mwingine nyuma ya miguu ya mbele, iliyounganishwa ili mvuto utue kifuani, huku kamba ikishikizwa mgongoni. Hata mikanda hiyo paka aliyepagawa kwa hofu anaweza kuiponyoka ikilegea. Kwa hiyo huvalishwa kwanza ndani ya nyumba, siku baada ya siku, mpaka aizoee. Kisha hutolewa mahali patulivu, na kamba hubaki mkononi mwa mtu muda wote, jambo ambalo yule paka wa Kichina hakulipata.